Banda la Kuku la Whitney Nalianya

Mimi nikikasirika nashona. Wateja wangu wa mtaa wa Noonkopir wameshanizoea: wakisikia cherehani inalia bila kupumua, hawaingii dukani kuuliza bei ya mapazia. Jioni ya Jumamosi ile waliyokuja kaka zake Whitney na lori lao, nilishona foronya ambazo hakuna mtu aliyeniagiza, na mpaka leo zimejaa kabatini. Hasira yenyewe haijaisha. Anayetaka kunituliza anyamaze kwanza anisikilize.

Whitney Nalianya ni jirani yangu hapa Kitengela. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa mabati, na mabati hayazuii siri wala harufu. Ana miaka thelathini na kitu, hajaolewa, na kuna akina mama kanisani ambao hawawezi kumsalimia bila kumkumbusha hilo. Ni karani wa mizani kwenye machimbo ya mawe upande wa Kajiado. Lori likiingia tupu analipima, likitoka na mzigo analipima tena, na mzigo ukizidi anasema halitoki. Madereva humbembeleza, humtukana, humwita majina ya mapenzi, na lori halitoki. Mshahara wake ni wa kuwaambia hapana wanaume wenye haraka.

Kwao ni Bungoma. Baba yake, Mzee Nalianya, alikuwa mwalimu mkuu, na kijijini kote yeye peke yake ndiye aliyekuwa na gari: Peugeot 404, ile ndefu ya viti safu tatu, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani. Gari hilo lilibeba maharusi, likabeba akina mama walioshikwa na uchungu wa kuzaa, likabeba majeneza. Na ndani yake kulikuwa na sheria. Mbele, kando ya mzee, walikaa wavulana kwa zamu, Wakhungu na Brayo. Katikati mama na wageni. Nyuma kabisa, kwenye kile kiti kidogo kigumu, magoti yakigusa kidevu na gunia la mahindi ubavuni, alikaa Whitney.

Siku moja aliuliza kwa nini yeye hapewi zamu. Baba yake akamjibu, "Msichana hakai mbele." Basi. Hakuelezwa zaidi, wala hakuuliza tena.

"Mama Mbuvi," aliniambia mwaka jana huku akipiga mlango msasa, "mimi barabara ya kwetu niliionea kwa kioo cha nyuma. Niliiona tu ile tumeshapita."

Alisema bila machozi. Machozi nusura yanitoke mimi, kisha nikakumbuka kwamba hata kwetu Mwala nyama ya paja la kuku ilikuwa na wenyewe, wanaume, nikakasirika badala yake.

Mzee alipozeeka gari nalo likachoka. Liliegeshwa chini ya mparachichi, magurudumu yakaisha pumzi, na kuku wakahamia ndani. Wakataga kwenye kiti cha dereva, wakalala kwenye usukani, wakaharibu kila walipogusa. Wale wavulana wawili, mmoja amejenga kando ya njia hapo hapo bomani na mwingine anaendesha pikipiki mjini Bungoma, walipita hapo kila siku ya Mungu. Hakuna aliyefukuza hata jogoo mmoja.

Kisha mzee akafa. Baada ya mazishi, familia iliponyoa nywele za msiba kwa desturi, ikafika siku ya kugawa vitu vya marehemu mbele ya watu. Kazi hiyo ilisimamiwa na Mzee Sitati, rika la marehemu, aliyetahiriwa pamoja naye. Wakhungu akapewa koti na fimbo. Brayo akapewa baiskeli na redio. Wajukuu wa kiume wakapewa kofia. Ilipoonekana vitu vimekwisha, Mzee Sitati akauliza, "Na msichana?"

Wakhungu akacheka, akaelekeza kidole mparachichini. "Mpe hiyo banda ya kuku."

Boma zima likaangua kicheko. Shangazi mmoja, mwanamke mwenzake, alicheka mpaka akashika ubavu. Whitney akasimama mbele yao wote, akasema, "Nimepokea." Kicheko kikazidi. Mzee Sitati peke yake hakucheka. Alitamka kama alivyotamka kwa vitu vingine vyote: "Imetolewa, na imepokelewa."

Hayo sikuyaona. Nilisimuliwa na Whitney, na huyo hata kilo moja ya mawe haongezi wala kupunguza. Nilichoona mimi ni mwisho wake: lori la Meitamei, dereva mmoja wa machimboni aliyekuwa akirudi tupu kutoka Malaba, limesimama nje ya geti, na juu yake takataka iliyofungwa kamba. Upepo wa Kitengela mnaujua. Harufu iliruka ua wa mabati ikaingia jikoni kwangu, ikakaa kwenye ugali.

Nilitoka na mwiko mkononi. "Whitney! Hiyo ni nini umetuletea?"

"Ni gari, Mama Mbuvi."

"Gari gani iko na manyoya?"

Tulinuniana muda mrefu. Siwezi kujifanya nilikuwa malaika. Alikuwa akitoka kazini, anavaa ovaroli, anakwangua. Vumbi la kutu lilitua kwenye nguo zangu nilizoanika, nikazifua upya, na maji hapa tunanunua. Siku moja akaja mlangoni, amesimama wima kama mtu aliyekuja kuomba kazi, akauliza kama ningeweza kushona viti vya gari. Nikamwambia, "Mimi nashona mapazia, sishoni mavi ya kuku." Akasema asante, akaenda zake. Ni hiyo asante iliyonishinda. Kesho yake nilienda mwenyewe kutazama.

Sakafu haikuwepo. Ukifungua mlango unaona siafu wanapita chini. Bati lililooza lilikatwa, na Mutunga, fundi wa kuchomelea, akaunganisha jipya kipande kwa kipande. Lakini mabonde ya bodi Whitney aliyanyoosha mwenyewe. Alishikilia kipande cha chuma kizito upande wa nje, akapiga kwa nyundo ndogo kutoka ndani, polepole, akipapasa kwa kiganja baada ya kila pigo. Palipobaki kibonde alipaka pati nyembamba ya kuziba, ikauka, akaipiga msasa wa maji. Maji yenyewe yalikuwa yangu ya kusuuzia nguo. Nilianza kumwekea kwenye ndoo kando ya ua bila kumwambia, naye akawa anayachukua bila kusema.

Watu nao wakapata la kusema. Mwenye nyumba alimuuliza kama anafungua gereji. Kanisani mama mmoja alimwambia kwamba mikono ya namna hiyo haitapata wa kuivisha pete. Ningekuwa karibu angeondoka bila kilemba. Whitney alitazama kucha zake zilizojaa rangi, akasema, "Labda," akaendelea kuimba.

Alipopaka rangi mara ya kwanza, upepo wa mbugani uliinuka na vumbi lake lote, ukatua kwenye rangi mbichi. Ubavu mzima wa kulia ukawa na chengachenga. Nilimtukania huo upepo kwa Kikamba, maneno ambayo mama yangu angenichapia. Yeye alichukua msasa akaanza upya. Baadaye akawa anapaka alfajiri kabla upepo haujaamka, uwanja umemwagiwa maji yangu ya nguo ili vumbi lilale.

Ndani ndiko nilikoingia mimi. Kitambaa cha dari kilikuwa kimening'inia kama ngozi ya nguruwe, nikakishona upya. Viti vya mbele nilivifumua uzi kwa uzi, nikatumia vile vitambaa vya zamani kama kipimo cha kukatia vipya. Springi zilizoachana nikazifunga kwa kamba ya mkonge, maana kamba hiyo sisi Wakamba tunaijua tangu utotoni, kisha magunia, kisha sponji, kisha ngozi ya kahawia. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande mmoja, upande wa mzee. Nilimuuliza kama nikisawazishe.

"Sawazisha," alisema. "Nitakalia mimi."

Tulipofika kile kiti cha nyuma kabisa, nikawa tayari nimekata sponji yake, nene na nzuri. Akanizuia mkono. "Hicho osha tu. Usiweke kitu."

"Whitney, hii ni ubao! Mtu atakaa hapa namna gani?"

"Hivyo hivyo."

Nilikasirika. Fundi hawezi kuacha kazi yake na doa moja katikati, watu watasema ni yeye aliyeshindwa. Tuligombana mpaka nikafunga sanduku langu la sindano nikaenda nyumbani. Kiti kikabaki ubao.

Kulikuwa na jambo jingine lililonichosha. Kila kilichotolewa garini alikiweka. Mabati ya sakafu yaliyooza, vitambaa vilivyoliwa na panya, springi zenye kutu, sponji iliyogeuka unga, raba za milango, hata kiota kimoja chenye maganda ya mayai, vyote alivitia kwenye magunia, akavipanga nyuma ya nyumba. Nilimwambia avitupe, mvua ikinyesha vinanuka.

"Siwezi kutupa," alinijibu. "Nilipewa mbele ya watu. Nikitupa watasema nimetupa kitu ya mzee."

Nilimwona mjinga. Injini ilipata fundi wake, magurudumu mapya yakanunuliwa, na makaratasi ya gari aliyahangaikia ofisi hadi ofisi, hayo nisiwachoshe nayo, na mwisho gari likawa barabarani kwa jina lake. Asubuhi ya kwanza aliendesha mpaka kazini Kajiado, akalipandisha juu ya mizani yake mwenyewe. Madereva walishuka wote kwenye malori. Meitamei alilizunguka mara mbili akigonga bodi kwa kidole, akaanza kusifu kwa Kimaasai, "Supa oleng! Hii ndio ile takataka nilibeba?" Mmoja wao akapiga picha. Kabla ya Jumapili picha imefika Bungoma.

Brayo ndiye aliyepiga simu. Whitney aliweka spika, nami nilikuwa pale nikikaza kifungo cha kiti.

"Siz! Hiyo gari ya mzee ni wewe umeifix? Wueh! Iko fiti. Sasa sikia, Wakhungu anasema tuko na ukumbusho ya mzee, wageni wakubwa wanakuja. Gari inafaa isimame hapa home."

"Nitakuja nayo," Whitney akasema. "Nitaendesha nije, nirudi nayo."

Brayo akakohoa. "Zii, siz. Anamaanisha ikae."

Whitney akamwambia haikai. Nikadhani yameisha. Kumbe akufukuzaye hakwambii toka, na anayekuja kukunyang'anya hapigi simu mara ya pili.

Jumamosi ile lilifika lori na dereva wa kukodi, Brayo na Mzee Sitati wakiwa ndani. Wakhungu alikuwa amekuja kwa basi, maana alipanga kurudi akiendesha gari la mzee mwenyewe; lori lilikuwa la kulibeba kama dada yao angenyima ufunguo. Alivaa koti. Nililijua kabla sijaambiwa, lile koti la urithi, linambana mabegani. Na Mzee Sitati walimleta makusudi, mtu wa rika la baba, ili neno lake likitoka msichana asiwe na la kujibu.

Whitney aliwapa chai na mkate. Walikunywa. Hata sukari waliomba kuongezewa! Kisha Wakhungu akafuta mdomo.

"Whitney, umefanya kazi mzuri. Tumeshukuru. Lakini gari ya mzee haiwezi kukaa kwa msichana. Kesho utaolewa, itaenda kwa watu wengine. Hiyo ni jina ya familia. Sisi tumekuja kuichukua, na Mzee Sitati yuko hapa ashuhudie."

Nilisimama. "Wewe! Hiyo miaka kuku walikuwa wanakunya kwa jina ya familia, ulikuwa wapi?"

"Mama, hii ni mambo ya boma."

"Boma gani? Mimi ndio nimeshona hiyo dari!"

Whitney alinishika mkono nikakaa, lakini moyo wangu haukukaa. Alikuwa na uso ule ambao nadhani madereva wa mawe wanaujua. Hakumtazama kaka yake. Alimgeukia mzee.

"Mzee, na heshima. Siku ile ya kugawa, mimi nilipewa nini?"

Mzee Sitati aliweka kikombe chini. "Ulipewa banda ya kuku."

"Nani alisema nipewe?"

"Huyu." Alimwelekeza Wakhungu kwa kidevu.

"Mzee, huo ulikuwa utani!" Wakhungu akasema. "Kila mtu alicheka."

"Mimi sikucheka," alisema mzee. "Wewe ulitania juu ya kitu ya maiti, mbele ya watu, na mimi nikatamka. Unataka nirudi nyumbani niseme mdomo yangu ilikuwa inacheza?"

Wakhungu akaanza kusema kwamba gari ni gari, kwamba baba yake angelia. Whitney akamngoja amalize.

"Basi," akasema, "kama mnataka ile kitu mlinipa, niko nayo. Sikutupa hata moja."

Alituongoza nyuma ya nyumba. Alipofungua gunia la kwanza nikaelewa nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu ukuta kwa ukuta bila kumjua. Mavi ya kale hayaachi kunuka, na yale yalikuwa na hamu ya kunuka. Alitoa sakafu, vipande vyenye matundu. Akatoa vitambaa. Akatoa springi, sponji, raba, na kile kiota na maganda yake ya mayai, akakiweka juu.

"Hii ndio gari ya mzee," alisema. "Hii ndio mlinionyesha na kidole mkicheka. Chukueni yote. Ile imesimama pale mbele hamkunipa nyinyi. Hiyo nimeitengeneza na hii mikono, na mshahara yangu, na maji ya kufua ya Mama Mbuvi. Mkiigusa nitapiga nduru Kitengela yote isikie."

Brayo alitazama viatu vyake. Mzee Sitati aliinama, akaokota kipande cha bati, akakigeuza, akakirudisha.

"Lori imekuja kubeba kitu ya Nalianya," alisema. "Haitarudi tupu. Pakieni."

"Mzee..."

"Pakia, Wakhungu. Ni wewe ulisema ni jina ya familia."

Dereva wa kukodi akasema yeye amelipwa kuendesha, hajalipwa kupakia, Mungu ambariki. Kwa hiyo walipakia wenyewe, wana wawili wa Mzee Nalianya, gunia kwa gunia, na ile kutu ikashika kwenye mikono ya koti la urithi. Mimi nilisimama na kushika kiuno, nikahakikisha hakuna kilichosahaulika. Kiota nilikipeleka mwenyewe.

Mzee Sitati alipanda mbele kwenye lori. Brayo, mwepesi kama kawaida yake, akaruka kando yake kabla ya kaka yake kufungua mdomo, na nafasi ikaisha. Nyuma hakukaliki kwa harufu. Lori likaondoka, na Wakhungu akabaki getini, jua la mchana kichwani, akijipangusa.

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo kuliko aliyokuja nayo, "Utanipeleka stage ya basi?"

Mimi ningemwacha atembee. Lakini Whitney alichukua ufunguo. "Ingia."

Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele.

"Hapo anakaa Mama Mbuvi," Whitney akasema.

Nilipita mbele yake, nikafungua, nikakaa kwenye kiti nilichokishona mwenyewe, nikafunga mlango polepole ili asikie unavyofunga vizuri. Akashika mlango wa katikati.

"Katikati ni ya mama na wageni. Wewe sio mgeni."

Nilidhani atakasirika aondoke. Alitazama barabara, akatazama vumbi, akatazama gari. Kisha akakunja kiti cha katikati, akajipenyeza mpaka nyuma kabisa na koti lake. Whitney akawasha, akaweka gia kwenye usukani, tukatoka getini kuelekea barabara ya Namanga. Nilipogeuka nilimwona magoti yamegusa kidevu, amegeukia kioo cha nyuma, nyumba ya dada yake ikibaki nyuma yake.

Tulipita Noonkopir. Watu walisimama kutazama, na wawili watatu walimpungia Whitney mkono. Karibu na stage Wakhungu akasema, "Hiki kiti ni kigumu sana."

Whitney hakugeuka. "Hicho peke yake ndio sijagusa," alimjibu.